Ulimi Hufuata Sikio



Wazazi wengi huuliza swali moja, kila mmoja kwa maneno yake. Mtoto amekaa chuoni mwaka mzima au miwili, sura fupi amekwisha zihifadhi, walakini kila akutanapo na neno "qalb", yaani moyo, hutamka "kalb", yaani mbwa. Maalim amemrudishia mara mia. Mama amemkemea nyumbani. Baba amekwisha fika pahala pa kutafuta ufito. Je, mtoto huyu ni mkaidi, au mzito wa ulimi, au kusoma hakutaki?

Jawabu letu ni kuwa aghlabu ulimi wake hauna kosa. Upungufu u katika kusikia, na kusikia kwenyewe si jambo jepesi kama watu wanavyodhani. Twataka mwezi huu tulieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu wako watoto wanaopigwa kwa ajili yake, na wako waliokichukia chuo umri wao wote kwa herufi moja ambayo masikio yao hayajaipata.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Anenapo mtu, mtikisiko ule huingia katika tundu la sikio ukagonga kiwambo chembamba kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo vipo vifupa vitatu vilivyoshikana, na cha mwisho, chenye umbo la kikuku cha kupandia farasi, ndicho kifupa kidogo kuliko mifupa yote ya mwanadamu. Urefu wake ni kiasi cha milimita 3 tu. Vifupa hivi huusukuma mtikisiko mpaka ndani, katika mfereji uliojaa maji na kujikunja kama nyumba ya konokono. Humo zimepangwa chembe zenye vijinywele, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Zilizo karibu na mlango wa mfereji huitika sauti nyembamba, na zilizo mwisho wake huitika sauti nene. Aliyelipeleleza sana jambo hili ni Georg von Békésy, mtu wa Hungaria aliyeanza kazi yake katika maabara ya simu mjini Budapest, na mwaka 1961 akapewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Chembe hizi, kwa mwanadamu, zikifa hazioti tena.

Mpaka hapo sikio la mtu halikulishinda sikio la paka. Paka naye ana kiwambo, ana vifupa vitatu, ana na huo mfereji, tena huzisikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Lakini ukisimama mbele yake hajui kama umesoma Alhamdu au umetaja bei ya samaki. Tofauti basi haiko sikioni; iko mbele zaidi, katika ubongo, ambako mitikisiko hupokewa ikafanywa maneno. Mwaka 1874 daktari wa Kijerumani Carl Wernicke aliandika khabari za wagonjwa walioharibikiwa na sehemu ya ubongo upande wa kushoto. Watu hao hawakuwa viziwi. Sauti walizisikia, na wenyewe walisema kwa wepesi, lakini maneno waliyoambiwa hawakuyafahamu.

Sasa na tutazame ubongo hufanya nini. Jambo la kwanza ni la kustaajabisha: maneno yatokapo kinywani hayana nafasi baina yao. Katika maandishi twaacha uwazi baina ya neno na neno, lakini mdomoni maneno hutoka kama maji ya mfereji, mfululizo, herufi 10 hata 15 kwa sekunde moja. Sema upesi, "Baba ana kaa," yaani analo kaa la moto mkononi. Kisha sema, "Baba anakaa," yaani yuko kitako. Kwa asemaye upesi zakaribia kuwa sauti moja. Hakuna akosaye kufahamu, kwa sababu moyo wa msikilizaji hutazama yaliyotangulia: ikiwa ni khabari za jikoni hukata pale, ikiwa ni khabari za baraza hukata hapa. Ndiyo maana lugha usiyoijua huonekana kama husemwa kwa mbio sana. Wenyewe hawaendi mbio. Ni wewe usiyejua wapi pa kukata.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumesaidiwa na mkazo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi sikio likiupata lajua neno lakaribia kwisha. Na mkazo ukihama maana huhama nao: barabára ni njia, na barábara ni sawasawa. Mtoto mchanga hafundishwi haya na mtu. Mwaka 1996 wataalamu watatu wa Marekani, Saffran, Aslin na Newport, waliwasikilizisha watoto wa miezi minane silabi zisizo na maana, mfululizo, bila ya kituo wala mkazo, kwa dakika mbili tu. Watoto wale walikwisha tambua silabi zipi hufuatana daima na zipi zimekutana kwa bahati. Dakika mbili, na mtoto hata kusimama hajui!

Jambo la pili ni kuwa moyo huziba mapengo. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Richard Warren, aliikata herufi moja katika neno lililonaswa, na mahali pake akatia sauti ya kikohozi. Wasikilizaji walisema wamelisikia neno zima, herufi zote. Na walipoulizwa kikohozi kilikuwa wapi hawakuweza kuonyesha mahali pake. Hawakusema uwongo. Ubongo ulijua neno linapaswa kuwa nini, ukaiumba herufi iliyokosekana. Rehema hii twaitumia kila siku: msikitini mtoto hulia katikati ya khutba, sokoni gari hupiga honi, na maneno hatuyapotezi. Lakini yaangalie yale ambayo rehema hii haiwezi. Huziba pengo kwa neno ulijualo tu. Mtoto asiyejua Kiarabu, akisomewa aya kwa sauti hafifu au katika makelele, hana cha kuzibia. Atakachokosa kusikia ama atakiacha, ama atatia neno la Kiswahili linalokaribiana nacho. Sote tumewasikia watoto wakisoma dua kwa maneno ya ajabu ya kuchekesha. Hawachezi, wamesikia hivyo.

Na jicho nalo husikia, ikiwa twaruhusiwa kusema hivyo. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald wa Uingereza walionyesha picha ya mtu ambaye midomo yake yatamka "ga", na juu yake wakaweka sauti ya "ba". Wakubwa walioitazama walisikia "da", sauti ambayo haikutamkwa na yeyote. Ukifumba macho wasikia "ba". Ukiyafumbua yarudi "da". Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini katika elimu ya kusoma Qur'ani walishikilia kuwa mwanafunzi apokee kutoka kinywani mwa mwalimu, ana kwa ana, na neno lenyewe la Kiarabu, "mushafaha", latoka katika neno la mdomo. Mwanafunzi aliyeketi nyuma ya nguzo, asiouona mdomo wa maalim, amenyimwa nusu ya somo. Kadhalika ndugu zetu wanaomwachia mtoto simu ya mkononi ajifunze kwa sauti peke yake. Simu yafaa kwa kudurusu. Lakini mtoto wa kuanza ahitaji mdomo wa kuutazama.

Turudi sasa kwa mtoto wetu wa "qalb".

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 78, twakumbushwa ya kuwa tulitolewa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, tukapewa masikio na macho na nyoyo. Masikio yametajwa kwanza. Na hakika mtoto huanza kusikia kabla ya kuzaliwa, na mwaka 1980 DeCasper na Fifer walithibitisha ya kuwa mtoto wa siku chache huichagua sauti ya mama yake akaiacha ya mwanamke mwingine. Mtoto huyu mchanga ana sikio la ulimwengu mzima. Wakati mmoja twadhani mtoto hajui kitu, kumbe kwa jambo hili yeye ni bora kuliko baba yake.

Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada waliandika khabari ya watoto waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kihindi kina "t" mbili, moja ya menoni na moja ya ulimi uliopinda nyuma, na Mwingereza mkubwa huzisikia kuwa moja. Watoto wa miezi sita hata minane walizitofautisha. Walipofika miezi kumi hata kumi na miwili, wengi wao hawakuzitofautisha tena. Masikio hayakufa, yalijifunza. Mtoto alikwisha jua kuwa nyumbani kwao tofauti ile haina maana, akaiacha, ili azishike sawasawa zile zenye maana.

Mifano yetu wenyewe haina mwisho. Mtu wa Mombasa atamkapo paa, mnyama wa mwituni, huitoa "p" kwa pumzi. Na atamkapo paa la nyumba huitoa bila ya pumzi. Kwake ni maneno mawili wazi. Mgeni kutoka bara husikia neno moja, na ukimrudishia mara kumi atakutazama akidhani wamfanyia mzaha. Wengine "thamani" na "samani" kwao ni sauti moja, na wengine "kalamu" na "karamu". Watu huwacheka, na sisi hatuoni pa kucheka. Yule acheshwaye ana lugha ya mama yake iliyomfunga sikio upande huu na kumfungulia upande mwingine, ambako acheshaye naye ni kiziwi.

Basi Kiswahili chetu, pamoja na maneno yote tuliyopokea kwa Waarabu, hakitofautishi qaf na kaf kwa watu wengi, wala sad na sin, wala ta nzito na ta nyepesi, wala ain na hamza. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake huja chuoni na miaka mitano au sita, sikio lake limekwisha amua ya kuwa "q" na "k" ni kitu kimoja. Maalim asema "qalb". Mtoto asikia "kalb". Arudia alichokisikia, kwa uaminifu kabisa! Maalim akasirika, asema tena "qalb" kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto asikia "kalb" kwa sauti kubwa zaidi. Na hivi ndivyo wanavyoweza kukaa mpaka adhana ya Alasiri.

Wala si jambo dogo la kuachwa. "Aliim" kwa ain ni Mjuzi, na "aliim" kwa hamza ni yenye kuumiza. Moja ni katika majina ya Mola wetu na ya pili ni sifa ya adhabu. Wanavyuoni wa mwanzo waliliona hili mapema, Uislamu ulipoingia kwa watu wasio Waarabu. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra alikipanga kitabu chake cha lugha, Kitab al-Ayn, kwa mahali zinapotoka herufi, akaanzia kooni, ndipo kikaitwa kwa jina la ain. Mwanafunzi wake Sibawayh akazigawanya sehemu za kutokea herufi zikawa 16. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 833 wa Hijra, akasema ni 17, na hesabu yake ndiyo isomeshwayo katika vyuo vingi hata leo. Ibn Sina, mganga yule mashuhuri, naye ana risala nzima juu ya sababu za kutokea herufi, na ndani yake akaeleza umbo la koo na la ulimi.

Walakini vitabu hivi aghlabu humfundisha mtu pahala pa kuuweka ulimi. Ulimi usioongozwa na sikio hupata herufi leo na kesho huipoteza, kama mtu apigaye shabaha gizani, asiyejua limepiga au limekosa. Kwa hiyo rai yetu ni kuwa sikio litangulie. Wala rai hii si ngeni katika dini. Katika Sura ya Al-Qiyama Mtume (S.A.W.) alifundishwa asiuharakishe ulimi wake wakati wa kuletewa wahyi, bali asomewapo aufuate usomaji ule. Kusikiliza kwanza, kisha kufuata. Naye mwenyewe, juu ya daraja yake, alimtaka Abdullah bin Masud amsomee, kwa kuwa alipenda kuisikia Qur'ani kwa mwingine.

Je, sikio lililokwisha fungwa lafunguka? Lafunguka, ijapokuwa kwa kazi. Wajapani wakubwa hupata taabu sana kuitofautisha "r" na "l" za Kiingereza. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni wa Marekani walitoa khabari ya jinsi walivyowazoeza: mwanafunzi husikilizishwa maneno mawili mawili yaliyotofautiana kwa herufi hiyo tu, kwa sauti za wasemaji mbalimbali, achague ni lipi, kisha aambiwe papo hapo amepata au amekosa. Baada ya wiki kiasi cha tatu masikio yao yalikuwa yameendelea. Na khabari iliyotoka mwaka 1997 ndiyo iliyotupendeza zaidi: wanafunzi waliozoezwa kusikia tu, bila ya kufundishwa kutamka hata kidogo, walionekana kutamka vizuri zaidi kuliko kwanza.

Kwa hivyo yafaa maalim, au mama nyumbani aliyesoma, afanye mchezo mdogo kabla ya darsa. Achukue vitu viwili, kokwa ya tende na kijiwe. Kokwa ni "q", kijiwe ni "k". Atamke "qalb", "kalb", "kalb", "qalb", na mtoto ainue kimoja bila ya kusema neno. Akipata aambiwe papo hapo, akikosa arudishiwe mawili pamoja asikie tofauti. Dakika tano zatosha. Kisha aje mwalimu mwingine, au kaka mkubwa, au sauti ya msomaji katika simu, atamke yale yale, kwani mtoto aliyezoea sauti ya mtu mmoja huenda ameshika sauti ya yule mtu wala hajaishika herufi. Mtoto apatapo tisa katika kumi, hapo ndipo aambiwe, "Haya, nawe sema." Wengi husema sawa siku hiyo hiyo, na ufito hukaa juu ya dari palepale.

Lakini yuko mtoto ambaye mchezo huu hautamfaa, na huyu ndiye aliyetufanya tushike kalamu.

Yuko mtoto ambaye sikio lenyewe ni bovu, na nyumba nzima haijui. Ukiwaambia wazazi wake hukataa: "Mbona nikimwita huitika!" Huitika, naam. Sauti za "a" na "o" ni nene na zenye nguvu, nazo humfikia. Lakini "s" na "f" na "th" ni nyembamba na hafifu, na hizo ndizo hupotea kwanza. Mtoto wa namna hii husikia kuwa anaambiwa, wala haisikii vyema khabari anayoambiwa. Hutazama midomo ya wenziwe, hufuata wafanyavyo, hujibu lisiloulizwa, na maalim humwandika kuwa ni mjinga au ana dharau. Wengine huwa na maji mazito nyuma ya kiwambo baada ya mafua, na maji hayo huja na kuondoka: wiki hii asikia, wiki ijayo hasikii. Hapo ndipo watu husema, "Husikia atakapo!" Hatujui neno lililowadhulumu watoto kuliko hilo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na milioni 430 katika hao wahitaji matibabu au msaada. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo hutokana na mambo yawezayo kuzuiwa: usaha wa sikio usiotibiwa, surua, matumbwitumbwi, homa ya uti wa mgongo, na mengine. Chanjo ni katika kinga hizo. Sikio litokalo usaha si la kutiwa mafuta ya moto wala kijiti wala unyoya wa kuku. Ni la kupelekwa hospitali. Na kofi la sikio, ambalo baadhi ya watu hudhani ni adhabu nyepesi kuliko ufito, laweza kukipasua kiwambo. Mwalimu ampigaye mtoto sikioni kwa kuwa hasikii anaharibu kitu kile kile anachokitaka.

Jaribio la nyumbani ni hili. Subirini nyumba itulie. Mtoto akae kitako, nanyi msimame nyuma yake kwa kadiri ya urefu wa mkono, asiuone mdomo. Sikio moja lizibwe kwa kidole taratibu. Toeni pumzi, kisha mnong'onezeeni maneno ayajuayo, moja moja, naye arudie: sita, samaki, fimbo, thelathini, shuka, kofia. Fanyeni hivyo kwa sikio la pili, kwa maneno mengine. Mtoto mzima wa masikio huyarudia karibu yote. Akikosa nusu, au sikio moja likawa nyuma ya jingine, mrudieni siku ya pili. Na akikosa tena mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama huitika aitwapo. Na kabla ya kwenda huko piteni chuoni, mkamwombe maalim amweke mtoto safu ya mbele, upande wa sikio lililo bora, mahali anapouona mdomo wake.